Balbina na Kompyuta Aliyoambiwa Aizike

Kuna watu husamehe upesi, na Mungu awazidishie. Balbina wa steshenari ya Lumemo hakuwa mmoja wao. Tangu Januari, kila misa, sala ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akasubiri wenzake wapite, kisha akaendelea nao mbele.

Aliyemkosea alikuwa Kelestini, kijana mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Nota alifundishwa na Agapiti, marehemu mume wa Balbina, mwalimu wa kwaya kwa miaka ishirini. Hata kompyuta aliishika mara ya kwanza mezani kwa Agapiti huyo huyo. Wali wa nyumba ile ameula mpaka akaota ndevu. Agapiti alipofariki aliacha nyimbo mia moja na kumi na mbili alizotunga mwenyewe, zote ndani ya kompyuta moja kuukuu, kwenye programu ya kuandikia nota ambayo siku hizi haitengenezwi tena.

Kwaya ilipopanga jubilei na kutaka kitabu cha nyimbo hizo, kila mtu alijua ni kazi ya Balbina. Kelestini akasimama kikaoni.

"Jamani, kompyuta ya mama ni maiti, inasubiri kuzikwa tu. Mtu anayeng'ang'ania maiti mtampaje kazi ya jubilei?"

Watu walicheka. Mzee Severini, mwenyekiti, alicheka mpaka akatoa leso, na kazi akapewa Kelestini. Balbina alimkabidhi nyimbo zote kwenye flashi, akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakuitikia salamu ya mtu.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba maneno yale yalikuwa na ukweli. Kompyuta ilikuwa ikizimika yenyewe mara mbili kwa siku, na kila fundi alimwambia anunue nyingine au apige Window mpya, mfumo mpya wa kuiendesha. Lakini Balbina ni binti wa wakulima wa mpunga wa Mofu. Kwao mbegu mpya, hata isifiwe vipi, hupandwa kwanza jaruba moja la pembeni, na ya zamani hukaa ghalani mpaka mpya ionekane imezaa. Anayemaliza mbegu ya zamani siku aliyoletewa mpya, msimu unaofuata huonekana kwa majirani na debe tupu.

Basi alinunua laptopu ya mtumba kutoka Morogoro, akaifunika kanga, asimwambie mtu. Siku ya kwanza tu aligundua kwamba ile programu ya Agapiti haikubali kabisa Window mpya. Angeweza kumwonya Kelestini. Hakumwonya. Kila mchana duka likipoa, alifungua wimbo kwenye kompyuta ya zamani, akauhifadhi kwa namna ambayo mpya ingeusoma, akauhamisha, akausikiliza sauti zote nne huku na huku. Nyimbo tisa zilihama bila besi, akaziandika upya nota kwa nota. Siku ya kuhama alishajipangia: wimbo wa mwisho ukiimba sawa pande zote mbili. Alifanya hivyo kwa kumpenda mumewe, ndiyo, lakini tusidanganyane, alifanya zaidi ili siku moja auone uso wa Kelestini.

Jumanne ya wiki ya jubilei uso huo ukaja, umelowa jasho.

"Shikamoo mama."

Tangu Januari kijana alikuwa akimsalimia "mambo." Balbina aliendelea kubana karatasi zake. Marahaba aliimeza.

"Mama, nimepiga Window mpya kwenye mashine yangu, nimefuta kila kitu. Sasa zile nyimbo hazifunguki hata moja. Naomba ile ya kwako, nusu saa tu."

"Ipi?"

"Ile ya mwalimu."

"Ina jina. Uliipa wewe mwenyewe kikaoni."

Kwenye benchi walikaa Restituta na Yosefina, wanakwaya, wakisubiri kutoa kopi. Kelestini alitazama sakafu.

"Maiti," akasema.

"Sijasikia."

"Maiti, mama."

Hapo ndipo Balbina alipoivuta ile kanga. Aligusa kitufe, na wimbo wa mwanzo wa Agapiti ukatoka kwenye laptopu, sauti zote nne. Kitabu kizima kilikuwa kimepangwa, na jina la mtunzi juu. Restituta akapiga kigelegele. Kelestini akanyoosha flashi yake kwa mikono miwili.

"Niwekee basi, mama, nikachape."

"Mwenyekiti nitampelekea mwenyewe." Akachapa ukurasa mmoja tu, akampa. "Hiyo ni besi, sauti yako. Kaimbe."

Jumapili kwaya nzima ilisimama na vitabu vipya, na mstari wa nyuma Kelestini akasimama na karatasi yake moja. Balbina alikuwa ameingoja picha hiyo miezi mingi, akaitazama mpaka akashiba. Kisha kijana akaanza kuimba. Ilikuwa besi safi, pumzi za mwalimu wake, mivuto ya mwalimu wake, Agapiti mtupu, na Balbina machozi yakamtoka bila ruhusa yake.

Sala ilipofika pale pa kusamehe, akafumbua mdomo. Akakisikia tena kile kicheko cha kikaoni, akaufunga.