Maiti Aliyemwita Ng'ombe Wake

Masalu alikuwa mpiga video za harusi pale Mkuyuni, na kwa kazi hiyo aliheshimika. Kilichomharibia jina ni sanaa. Mwaka tisini na tano, soko huria likiwa limeshatuletea kila kitu isipokuwa akili, alitunga filamu yake ya wezi wa ng'ombe, akaipigia ufukweni mwa ziwa, pale Pasiansi. Mwenye ng'ombe aliigizwa na mzee Mhoja, na ng'ombe walikuwa wake kweli. Kwenye hadithi anauawa mapema, wezi wanaondoka na mifugo. Mhoja alikufa vizuri mno. Lakini alipoona Kabula, ng'ombe wake mwenye mimba, anaswagwa kuelekea matopeni, maiti akainuka. "Kabula! Rudi huku!" Kundi zima likageuka, likamfuata marehemu nyumbani. Betri ikaisha hapo hapo, na hiyo ndiyo ikawa filamu.

Banda la video lilipoionyesha, watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Teodora, mke wa Masalu, kwa aibu, aliapa hataiangalia. Sasa Masalu alikuwa amekubaliana na Ashish, mwenye duka la vyombo vya umeme: kesho asubuhi atampa kamera, achukue friji, Teodora auze barafu.

Alasiri hiyo akaingia bandani kuangalia, kwa mara ya tatu, filamu ya kizungu ya kuchekesha kuhusu mtengeneza filamu aliyeshindwa maisha yake yote. Kashindye, mfasiri, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake.

"Huyu mtu aliishi kweli, jamani, situngi! Oneni mizimu ya filamu yake, imevaa mapazia, hata pete za pazia hazijatolewa!"

Watu hoi. Mara mbili za kwanza Masalu alicheka kuliko wote, ili aonekane yuko upande wa wachekaji. Safari hii akautazama uso wa yule mtengeneza filamu. Yule mzungu alikuwa amekaa ukumbini, filamu yake ikionyeshwa kwa watu saba, wanne wamelala, akiangalia mizimu yake, midomo ikicheza, akisema kila neno pamoja nayo. Macho yalimng'aa kama mtoto aliyebebwa begani kuona gwaride. Masalu akasahau kufunga mdomo. Kumbe mtu anaweza kuipenda kazi mbovu hivyo, bila hata kuiombea radhi!

"Kashindye, anasema nini hapo?"

"Hasemi kitu, kaka. Anafurahi tu. Furaha siitafsiri."

Filamu ilipoisha Masalu alikimbia nyumbani, akaitoa kaseti yake chini ya kitanda.

"Baba Gladness, unaipeleka wapi hiyo? Kamera ya kumpa Ashish umeifuta vumbi?"

Masalu alikuwa ameshatoka mlangoni. Teodora akamfuata mpaka bandani.

Kaseti ikawekwa. Watu wakaangua kicheko vilevile, na Masalu, katikati yao, midomo ikacheza: "Kabula! Rudi huku!" Kisha ng'ombe wakageuka wote kwa pamoja, vumbi likapanda, na nyuma yao ziwa likawaka jua lote. Kicheko kikakatika. Hata Kashindye alishusha kipaza sauti.

"Yule mzee," Teodora akanong'ona, "amekufa au hajafa?"

"Amekufa."

"Na ng'ombe wamemfuata?"

"Wamemfuata."

Teodora akajifunga kanga upya, akakaa vizuri kwenye benchi.

"Shemeji Kashindye, rudisha nyuma. Na wewe, Baba Gladness, kesho kamwambie Ashish abaki na friji lake."