Koti la Aloys

Goreth haogopi mtu. Muulizeni yeyote pale mtaani Rosettenville aliyewahi kumwomba apunguze bei ya mayai, atawasimulia maneno aliyopewa badala ya mayai. Lakini asubuhi ile ya Julai, alipokuta manyoya ya kuku yametapakaa juu ya majani yaliyogandishwa na sakitu, alikimbia kuita mtu. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na wala hakuwa amesikia kuku akilia.

Mwenye nyumba wake, MaNgcobo, mama wa Kizulu aliyekulia mashambani, aliinama akatazama nyayo.

"Eish, yindlozi le," akasema, akarudi zake ndani kwenye hita kana kwamba ametaja wingu.

Indlozi! Goreth akafanya ishara ya msalaba. Neno hilo alilijua, au alidhani analijua. Alikuwa amelisoma mara nyingi kwenye vikaratasi vya waganga vinavyobandikwa nguzoni: amadlozi, mizimu, wafu wanaodai chao. Naye katika nchi hii alikuwa na mfu mmoja tu, mumewe Aloys, aliyekufa kwa kichomi majira ya baridi kama haya na kuzikwa mbali na kwao mkoani Ngozi. Hata matanga yake hayajaondolewa. Kila mwaka ulikuja na kisingizio chake.

Basi mama huyu, Mkatoliki wa rozari mkononi, akafanya jambo ambalo padri wake akilisikia atakaa chini. Akatoa chini ya kitanda koti la sufu la marehemu, akalitandika nyuma ya banda, pasipofika upepo. Kando yake akafunga jogoo mzee kwa kamba.

Alfajiri jogoo hayupo. Koti limebonyea katikati, kama godoro la mtu aliyetoka kuamka. Goreth akalipapasa, akaruka nyuma, akajiziba mdomo. Lilikuwa na joto!

Tangu hapo kila jioni alifunga kuku mwingine pale, na kila alfajiri alikuwa nyuma ya banda, ananong'ona. "Aloys, bwana wangu, ni weye? Unisamehe. Nitaita watu, tutaondoa matanga." Akampa habari za nyumbani, akamlalamikia kodi, na siku moja akamgombeza kama zamani: "Lakini na weye, kuku zote unamaliza! Mie nitauza nini?" Akajisikia anacheka, yeye ambaye tangu mazishi alikuwa amesahau kicheko.

Jumamosi moja alichelewa, jua likamtangulia. Alipozunguka banda, akapigwa na butwaa. Juu ya koti amekaa mnyama wa miguu mirefu, madoadoa mwili mzima, masikio makubwa kuliko uso wake, unyevu wa sakitu ukimeta mgongoni. Kikamtazama kile kiumbe bila wasiwasi wowote, kikajinyoosha, kikaruka ukuta kana kwamba hapakuwa na ukuta.

Goreth alipiga yowe lililomtoa MaNgcobo nje bila viatu.

"Si nilikwambia?" alisema MaNgcobo alipoelezwa. "Indlozi. Yule paka wa porini mwenye madoa."

"Ulisema mzimu!"

"Mzimu ni idlozi, dada. Idlozi. Huyu ni indlozi."

Mondo! Herufi moja tu, na Goreth amemlisha mondo banda zima. MaNgcobo alicheka huku akimweleza alivyowaona utotoni. Baridi haimuui mnyama yule, manyoya yake huwa mazito Julai, na sikio lake husikia panya akitembea chini ya majani yaliyoganda. Huruka mara moja, hakosi. Tatizo ni majani yakishachomwa moto, panya huhama. Hapo mondo hufuata kijito toka vilimani mpaka kwenye kuku wa watu, na akipata mahali pakavu pasipo na upepo, analala.

"Na weye umemtandikia na kitanda!" akamalizia, akijifuta machozi ya kicheko.

Kisha akauona uso wa mwenzake, akamsogelea.

Goreth alikuwa ameokota koti, analinusa kolani, mikononi, kila mahali. Lilinuka mnyama. Harufu ya Aloys, aliyoitunza chini ya kitanda miaka yote ile, haikuwepo tena.

"Kumbe hakuja," akasema. "Bwana wangu angali na baridi."