Desmodiamu Yangu Hailimwi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliondoka nyumbani Awendo kwa hasira. Mume wangu, Ouma, alikuwa ametangaza mbele ya mama yake kwamba mvua ndefu zikiisha bila desmodiamu kuonekana kwenye malisho yetu, ataleta plau apande miwa.

"Mara mbili umepanda, mara mbili imekufa," alisema.

Desmodiamu ni jamaa ya maharagwe. Hutambaa katikati ya nyasi miaka na miaka, na ng'ombe akiila, maziwa huongezeka. Nilikuwa nimeiona kwenye maonyesho ya kilimo nikaitaka. Mimi nikitaka kitu, nimekitaka.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda trela tupu la miwa hadi Rongo, halafu basi mpaka Homa Bay. Huko, muuza mbegu mmoja sokoni alinicheka.

"Mama, desmodiamu haikai pamoja na ng'ombe. Chagua moja."

"Nachagua zote mbili," nikamjibu, nikatafuta lori la kwenda Magunga.

Nilifika jioni, vumbi mpaka kwenye meno. Mwenyeji wangu, Mama Pilista, ni binamu ya marehemu mama yangu, na sifa za malisho yake zilikuwa zimefika kwetu. Alinipa kuon, ugali wetu, na samaki, akanikataza kuuliza maswali kabla sijalala.

Asubuhi nikaona ng'ombe wake wanne katikati ya miche michanga ya desmodiamu! Nilipiga kelele.

"Yawa! Mama, wanamaliza miche!"

"Tulia, nyathina, mwanangu. Angalia midomo yao."

Nikaangalia. Walikuwa wanakula nyasi ndefu tu. Miche ilikuwa chini, inapata jua.

"Wewe kwako ulifanya nini?" akauliza.

Niliona aibu, lakini nikasema. Kwetu baada ya mavuno ng'ombe wa kila mtu hula popote. Mimi nilizungusha miiba, nikafukuza hata ng'ombe wa shemeji, tukatukanana. Msimu mzima hakuna ukwato ulioingia.

Mama Pilista alicheka mpaka akashika mbavu. "Ng'ombe hajakuharibia kitu! Nyasi ndiyo iliyoua miche yako. Waingize mapema, wapunguze nyasi. Ukiona mmoja ameanza kuchuma desmodiamu, toa wote siku hiyo hiyo, nyasi ikirefuka urudishe."

Nilirudi Awendo na mkebe wa mbegu. Kwanza niliwalisha ng'ombe nyasi mpaka ikawa fupi, nikapanda mvua ilipoanza. Miche ilipochomoza nikaondoa miiba na kuingiza ng'ombe. Ouma alishika kichwa.

"Sasa umeamua kuwalisha mbegu yenyewe?"

"Kaa pembeni," nikamwambia. Kila siku nilisimama pale na fimbo, nikitazama midomo. Majirani walisema nimerukwa na akili. Waseme.

Mvua ziliisha. Ouma akaja na plau na maksai wawili, kama alivyoahidi. Nilisimama mbele yao.

"Lima. Lakini anza na miguu yangu."

Maksai walikuwa wameinamisha vichwa, wanang'oa kitu kwa pupa. Ouma akachuchumaa, akapangua nyasi. Desmodiamu ilikuwa imetambaa kila mahali, na maua yake madogo ya zambarau.

Nilijifunza Magunga kwamba nilikuwa nimepigana na ng'ombe bure. Kwa Ouma sikuomba msamaha. Nilimwonyesha maksai wake tu.

"Watoe," nikamwambia. "Wameanza kuchuma desmodiamu."

Akawatoa.