Nimembishia profesa juu ya kilima chembamba

Leo mi nimemwambia profesa "apana" mbele ya darasa zima!

Ilikuwa mtihani wa kujieleza ubaoni. Viini vizito vya atomu vikigongana, mahali chembe zinapotokea, yaani chanzo, ni padogo mno, hapaonekani kwa chombo chochote. Kwa hiyo tunahesabu chembe za aina moja zinazotoka mbili mbili kwa mwendo unaokaribiana. Jozi zikizidi, mchoro unapanda kama kilima, na upana wa kilima unatuonyesha ukubwa wa chanzo.

Nikaandika: kilima chembamba, chanzo kikubwa.

"Ni kinyume, Mariamu," profesa akasema. "Futa."

Jamani, sikufuta.

"Apana, Profesa. Niache nihesabu."

Nikahesabu. Akaja ubaoni, akasoma mustari kwa mustari.

"Uko sawa," akasema. "Nimekosea mimi."

Nimepita! Nyinyi mungefanya nini?