Kutafuta Kichaka cha Yohana Mlimani Gulwe

Mama yangu haoni vizuri tena. Jioni moja mwezi wa Agosti, tukiwa nyumbani Kikuyu, alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulitamka mbele yangu. Kaka yangu Yohana, aliyefariki akiwa na umri wa majuma mawili, kabla mimi sijazaliwa, alizikwa mlimani Gulwe, chini ya kichaka chenye maua yanayonukia asali. Sasa Mzee Chedego, mwenye shamba lile, alitaka kufyeka mlima alime ufuta. Alikubali kuacha kichaka kimoja, mradi aonyeshwe ni kipi.

"Wewe unafundisha baiolojia," mama alisema. "Nenda ukakitambue."

"Kikoje, mama?"

"Ua likichanua ni jeupe, likizeeka linakuwa la manjano. Katikati lina kamrija. Tulikuwa tukilinyonya utamu wake."

Jumamosi alfajiri nilipanda basi la Mpwapwa. Tulipoiacha barabara kuu pale Mbande, jua lilikuwa limepanda na vumbi limeifanya nchi yote kuwa rangi moja, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Kila nilipofumbua macho vilima vilikuwa palepale, kama vile ni sisi tuliosimama.

Mpwapwa nilichukua bodaboda. Saa saba mchana nilikuwa Gulwe, kwa mama mdogo Nyemo, mdogo wake mama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ule kwanza. Mlima hauendi popote leo."

Nilikula ugali wa uwele kwa mlenda, kisha Mzee Chedego akaja na panga begani, tukapanda sote watatu.

Alasiri mlimani kulikuwa kimya, na joto lilikuwa limelala juu ya mawe. Harufu ilitufikia kabla ya maua, tamu na nzito, ikija na kupotea. Mama mdogo alisimama mbele ya kichaka kilichojaa maua meupe.

"Ndicho hiki," alisema.

Nilivunja kitawi. Utomvu mweupe ukatoka, na mwiba ukanichoma kidole. Maua yake yalikuwa nyota ndogo tu, bila mrija uliochomoza.

"Sicho, mama mdogo."

Tulizunguka vichaka vingi vya namna ile. Mzee Chedego alianza kulitazama jua. Halafu, nyuma ya jabali, nikaona matawi makavu yasiyo na jani hata moja, yamejaa maua. Petali zilikuwa nyembamba kama utepe, nyingine nyeupe, nyingine za manjano. Nilivunja kitawi, hakikutoa maziwa. Katikati ya ua nyuzi za chavua zilikuwa zimeungana zikafanya mrija, kama katika kiua kidogo cha mwarobaini, maana ni ndugu wa jamii moja. Nilinyonya. Utamu ulikuwa kidogo mno, ukaisha kabla sijauamini.

Lakini vichaka vilikuwa viwili, bega kwa bega, na chini yake hapakuwa na jiwe wala alama.

"Kipi?" Mzee Chedego aliuliza.

Ningeweza kuonyesha chochote, naye angeniamini. "Sijui, mzee," nilisema. "Aina ninaijua. Kaburi silijui."

Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akakata matawi ya miiba, akavizungushia vyote viwili.

Jumapili jioni nilirudi Kikuyu na kitawi kwenye chupa ya maji. Mama alikishika, akapapasa mrija wa ua kwa ncha ya kidole, akanusa. Nilimweleza kuwa nilishindwa kuchagua.

"Viwili?" aliuliza. "Mimi nilikiacha kikiwa kimoja."

Alilirudisha ua puani.

"Basi kimezaa," alisema taratibu.

Nimefundisha mimea miaka mingi, nikidhani kuutambua mmea ni kulijua jina lake. Usiku ule nilikaa karibu na mama, tukaanza kuzungumza habari za Yohana. Alivyokuwa, na alifanana na nani.