Kopi ya Mama Neema iko nzima kabisa

Bandugu, siku watu wa biro wakikupigia makofi, ogopa.

Mimi ndiye naangalia ordinatere, zile kompyuta za kazini. Kila vendredi, ile Ijumaa, nazifanyia zote kopi ya vitu vya ndani, kama moja itaharibika. Mwaka jana Mama Neema, sekretere wetu, akasimama kwa mukutano, akanionyesha kidole: "Na huyu papa anasoma mambo yetu?"

Basi nikafunga kopi ya kila mutu kwa neno la siri lenye yeye mwenyewe alichagua. Nikawaambia: "Hata mimi siwezi kufungua."

Makofi! Mama Neema ndiye alipiga mingi.

Leo asubui umeme ulirudi na nguvu, ordinatere yake ikaungua. Hakushituka.

"Kopi si iko?"

Iko, mama. Nipe tu neno lako la siri.

"Niliandika vizuri, lisipotee."

Wapi?

"Ndani ya ile ordinatere."

Nilikaa chini.

Tulijaribu majina ya watoto wake wote, hata ya avenue yake kule Majengo. Bure. Na ndani ya ile kopi muko sauti ya marehemu mama yake, aliyoirekodi kule kwao Kalengera. Telefone yenye ilirekodi iliibiwa zamani. Ile sauti haiko pahali pengine.

Nikamuambia: "Hata mimi siwezi."

Hakukasirika. Heri angenitukana. Alifunga mulango, akasema pole pole:

"Papa, najua unaniheshimu. Lakini leo nimekuruhusu. Sikiliza hata yote. Fungua tu."

Bado amekaa mbele yangu, anangoja. Mutu aniambie, nimujibu nini?