Barua ya Bwawa la Mgiriki

Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, nikasahihisha insha za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu miaka na miaka, halafu neno moja la kawaida kabisa likaja kuniumbua uzeeni. Neno lenyewe ni bwawa. Naeleza jambo hili kwa hasira, na sitajifanya kwamba hasira hiyo imekwisha.

Dada yangu aliolewa upande wa juu wa mto Nduruma. Ni mjane, anaishi na wajukuu wawili, ana migomba, maharage na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nyumba yake ilikuwa bondeni, hatua chache kutoka mtoni, na juu yake, pale vilima viwili vinapokaribiana, kuna bwawa tunaloliita la Mgiriki. Huyo Mgiriki hakuna anayemkumbuka. Alikuwa mlowezi mwenye shamba la kahawa, akajenga ukuta wa mawe kuukatiza mto apate maji ya kumwagilia, mambo yakabadilika, akaondoka. Shamba likagawanywa, kahawa ikang'olewa, ukuta ukabaki. Kila mtu anatumia maji yake na hakuna anayetia hata kiganja cha saruji.

Siku hizi bwawa limekuwa pa kustarehe. Jumapili baada ya ibada vijana wanapanda kutoka mjini na sabufa zao, wanachoma nyama, wanapiga mbizi kutoka juu ya ukuta. Kwaya zinakuja na sare kurekodi video, maana siku ya anga safi Mlima Meru unaonekana wote nyuma ya maji. Maharusi nao wanapigwa picha wamesimama juu ya ukuta uleule. Nimewahi kumwona bibi harusi ameshika gauni kwa mkono mmoja, kiatu kinatafuta jiwe lisilocheza, na mpiga picha anamwambia arudi nyuma kidogo. Nilipaza sauti mpaka koo likauma. Wakanipungia mkono.

Siku moja nilikwenda kumsalimia dada nikakuta ameweka beseni chini ya ukuta. Katikati ya mawe maji yalikuwa yanachuruzika, mchirizi wa unene wa kidole, na yeye anafulia.

"Shikamoo dada. Haya maji yameanza lini?"

"Marahaba. Yameanza tangu masika. Mdogo wangu, bomba limenifuata nyumbani!" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikinga maji yale kwenye kikombe nikayaacha yatulie, na chini kukabaki tope. Sijasomea mabwawa, ila najua tope halitoki hewani. Lilikuwa linatoka ndani ya ukuta, maana yake ukuta ulikuwa unaliwa kutoka tumboni. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, ile inayogawa maji ya bwawa, mzee mwenzangu, nikamwonyesha kikombe. Akakitazama, akakirudisha.

"Mwalimu, ule ukuta unatoka jasho tu. Mawe ya zamani yote yanatoka jasho."

Jasho! Mtu anatoka jasho kwa sababu anafanya kazi. Kamati ile sikuiona na tone.

Nikarudi kwangu mjini, Kijenge, nikaandika barua kwa wakubwa. Na hapa niseme ukweli wangu, ingawa haunipendezi. Sikumtaja dada. Kila mtu wa kwetu anaijua habari ya mita sitini, kwamba hairuhusiwi kujenga karibu na mto kiasi hicho, na kila mtu amewahi kuona nyumba iliyopigwa X nyekundu ukutani. Nyumba ya dada haikuwa hata mita thelathini. Ningeandika kwamba chini ya bwawa wanaishi watu, wangeuliza watu gani, na jibu ni dada yangu. Basi nikaandika habari ya waogeleaji. Nikajaza kurasa mbili za vijana wanaopiga mbizi, watoto wasiojua kuogelea, kwaya na maharusi. Nilijiona mjanja kweli. Kichwa cha barua nikakiweka kwa herufi kubwa: USALAMA WA BWAWA.

Nilingoja miezi. Nilipiga simu, nikaambiwa barua ipo mezani. Nikaenda mwenyewe, nikaambiwa imetoka mezani, imekwenda idara husika. Sikuuliza idara gani. Asubuhi moja dada akanipigia kwamba serikali imefika. Nikapanda bodaboda mbio, moyo umejaa shukrani.

Nilimkuta bwana afya. Alikuwa kijana mstaarabu mwenye buti safi na kisanduku chenye vichupa. Amechota maji ya bwawa, ametia dawa, anatazama rangi.

"Shikamoo mwalimu. Hapa hakuna klorini kabisa."

"Marahaba. Klorini ya nini, mwanangu?"

"Ya bwawa. Na vyoo viko wapi? Vyumba vya kubadilishia nguo? Mwokoaji je, mnaye?"

Nikamwambia lile ni bwawa la mto. Akafungua jalada akanionyesha barua yangu mwenyewe, mwandiko wangu ninaojivunia. Bwawa, waogeleaji, watoto, usalama. Masjala walikuwa wameisoma kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma: bwawa la kuogelea. Walikuwa wameiweka pamoja na za hoteli.

"Mwalimu, ungeandika lambo," akasema kwa upole.

"Lambo ni la kunyweshea ng'ombe! Tuta la udongo! Huu ni ukuta wa mawe!"

"Basi ungeandika ukuta."

Nikamshika mkono, nikamshusha mpaka kwenye beseni la dada, nikamwonyesha mchirizi. Wakati huo ulishafikia unene wa vidole viwili. Akainama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akasema hilo si la idara yake. Baada ya majuma kadhaa likaja bango jipya la bati: MARUFUKU KUOGELEA. Jumapili iliyofuata vijana walitundika mashati yao juu yake.

Masika yaliyofuata jiwe moja likatoka ukutani. Lilianguka mchana, likavunja beseni na kuua kuku wawili, na mjukuu mmoja alikuwa ametoka pale muda mfupi tu kabla. Dada hakunipigia. Nilisikia kwa jirani. Nilipofika nilimkuta anapika loshoro, mahindi yake ya maziwa ya mgando, kama kawaida, ila mwiko unagonga sufuria.

"Hamia kwangu," nikamwambia.

"Na ng'ombe nimweke wapi Kijenge, sebuleni? Na migomba?" Akageuka. "Wewe si uliandika? Andika tena. Waambie wazibe."

Nikaandika tena. Safari hii neno bwawa sikulitumia hata mara moja. Niliandika ukuta wa mawe unaozuia mto. Nilieleza mchirizi ulivyoanza na ulivyokua, tope kikombeni, jiwe lilipotoka na upande lilikoangukia. Halafu nikakaa na kalamu muda mrefu, nikamfikiria yule mtoto, nikaongeza sentensi moja mwishoni: chini ya ukuta huo kuna nyumba ya mjane na wajukuu wawili. Nilijua ninachokifanya. Nilidhani wakijua kuna watoto wataona aibu ya kuchelewa.

Kweli hawakuchelewa. Alikuja mhandisi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, na nilimpenda kwa sababu alivua viatu akaingia majini. Akaugonga ukuta kwa nyundo jiwe kwa jiwe. Akauliza geti la kufungulia maji liko wapi, ili bwawa lipunguzwe kwanza, ndipo ukuta uzibwe. Mwenyekiti wa kamati akatuongoza kwa madaha mpaka lilipo. Geti lilikuwepo, limekamatwa na kutu. Gurudumu la kulifungulia halikuwepo. Watu wa vyuma chakavu walishalibeba, na kamati haikuwa na habari, maana tangu Mgiriki aondoke hakuna aliyewahi kulifungua.

"Huu ukuta hauhitaji plasta," mhandisi akaniambia pembeni. "Maji yapunguzwe, na watu wa chini watoke kabla ya mvua kubwa. Nitaandika yote mawili."

Nina hakika aliyaandika yote mawili. Nimemtetea mpaka leo.

Watu wa rangi walifika kabla hata sijamaliza kumshukuru Mungu. Walichora X kwenye ukuta wa mbele wa dada, pembeni ya dirisha, wakampa siku za kuvunja mwenyewe ili aokoe mabati. Ng'ombe aliuzwa. Nikaenda ile ofisi, nikagonga meza ya watu, nikauliza mafundi wa geti watakuja lini. Nikajibiwa kwamba suala la ukuta bado linatafutiwa mwenyewe, kwa kuwa haijulikani ni mali ya nani. Nyumba ya mjane ilijulikana ni ya nani, ndiyo maana ikawa rahisi.

Ukuta umesimama mpaka ninapoandika, na unavuja. Kiwanja cha dada kimesawazishwa. Waogeleaji wanaegesha pikipiki zao hapo.

Yeye yuko kwangu, chumba cha nyuma, na wajukuu. Juzi aliingia sebuleni akaniomba nimsomee ile barua ya pili. Nilikuwa na nakala. Nikasoma yote, taratibu, kama imla. Alisikiliza ametazama sakafu.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo maishani. "Ukuta umeuandika mistari mingapi?"

Nikahesabu kwa kidole. Ishirini na sita.

"Na mimi?"

"Mmoja."

"Basi huo mmoja ndio walioufanyia kazi."